Fundi amenipima 40, nanunua 40, lakini sidiria bado inanitesa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Gungu hapa Kigoma na kazi yangu ni dagaa. Alfajiri nakuwa Kibirizi kupokea mzigo kwa wavuvi, halafu ni kuanika, kugeuza na kuanua. Kazi yote ni ya kuinama.

Tatizo langu nimeona aibu kulisema mbele ya mtu, ndiyo maana nimeandika. Nina matiti makubwa na tangu nizae sijapata sidiria inayonikaa. Nikiinama kugeuza dagaa, matiti yanatokea kwa chini. Nikisimama, mkanda wa nyuma umeshapanda katikati ya mgongo. Kamba za mabegani zimenichimba mpaka zimeacha mabonde mawili, na jioni binti yangu ndiye ananikanda shingo na mabega kwa maji ya moto. Chini ya matiti kuna vipele vinavyowasha siku za joto.

Vijana wanaouza sokoni Mwanga wananitazama tu na kusema, "Mama, wewe chukua kubwa." Mwaka huu fundi aliyenishonea gauni la kitenge alinipima akaandika kwenye kikaratasi: kifua 40, chini ya kifua 32, kiuno 35. Nikasema sasa jibu nimelipata, nikanunua 40B. Matiti yakawa yanafurika kwa juu. Nikachukua 42B. Kwa juu palitulia, lakini mambo mengine yote yakawa mabaya zaidi, hata mkanda unazunguka mwilini.

Wifi yangu anasema nitafute za mtumba kwa kuwa ni imara. Jirani anasema nisiguse zenye waya, zinaleta saratani. Mume wangu hana neno baya, ila ameniambia nimeanza kutembea nimejikunja.

La mwisho ni binti yangu wa miaka 12, ameanza kuota matiti. Nimempa sidiria yangu ya zamani, ya kabla sijazaa, analia kwamba hataki kwenda nayo shule. Nimlazimishe?

Mama wa Kibirizi


Marahaba mwanangu, na pole kwa maumivu. Nimefurahi kwamba ulikitunza kikaratasi cha fundi na ukaniandikia namba zake zote, kwa sababu jibu lako limo humo. Ila umechukua mstari usiohusika. Ile 40 ni mzunguko wa kifua, tepu ikipita juu ya matiti. Namba ya sidiria haitokani na hapo. Inatokana na chini ya matiti, pale mkanda unapokaa juu ya mbavu, na hapo fundi amekuandikia 32.

Najua utasema 32 ni ya wasichana. Hutanunua 32, usiogope. Hapa ndipo wanawake wengi wanapopotea, tena si kwa ujinga wao, ni kwa namna lebo zenyewe zinavyoandikwa.

Sidiria nyingi zinazoletwa kutoka China, ukigeuza lebo, utakuta namba mbili zimekaa pamoja: 34/75, 36/80, 38/85, 40/90. Ile ya pili ni sentimita, nayo ndiyo ya kuamini. 80 maana yake imeshonwa kwa mwanamke ambaye chini ya matiti ana sentimita 80 au karibu na hapo, tuseme 78 hadi 82. Ile ya kwanza huitwa inchi, lakini si inchi za tepu. Chukua tepu ya fundi, upande mmoja ina inchi na upande wa pili sentimita, uone mwenyewe: sentimita 80 ni inchi 31 na nusu, wakati lebo inasema 36. Zile zilizozidi zinatokana na mazoea ya zamani ya viwanda vya Marekani na Uingereza. Walikuwa wakipima chini ya matiti, wanaongeza inchi 4 au 5, ndipo wanaandika saizi. Mazoea hayo yamebaki kwenye lebo mpaka leo, na kijana anayeuza pale Mwanga hakuna aliyemweleza.

Sasa tuje kwako. Inchi 32 za fundi ni sentimita 81. Mkanda wako ni wa 80, yaani ule unaoandikwa 36. Wewe umekuwa ukivaa 40, mkanda wa mwanamke mwenye sentimita 90 chini ya matiti. Kuna kama sentimita 9 zinazokuzunguka bila kushika chochote.

Naomba uelewe vizuri kwa nini sentimita hizo zinakuumiza, maana ukielewa hili hakuna muuzaji atakayekudanganya tena. Uzito wa matiti unatakiwa ubebwe na mkanda ulioshika mbavu pande zote. Kamba za mabegani kazi yake ni kuvishikilia vikombe visianguke mbele, basi. Mkanda ukiwa mpana kuliko mwili, uzito wote unahamia kwenye kamba. Kamba zinavuta, mkanda unapanda nyuma, vikombe vinashuka mbele, na ukiinama hakuna kitu kinachozuia matiti yasitoke kwa chini. Wewe ukiona inashuka unakaza kamba, na ukikaza kamba mkanda unazidi kupanda. Mabonde ya mabegani, shingo, huko kujikunja alikokuona mume wako, vyote vinaweza kutokea hapo. Ukitaka kuhakikisha, vaa hiyo 40 yako, kisha teremsha kamba zote mbili kutoka mabegani. Sidiria yenye mkanda wa kweli itabaki palepale, hata kama vikombe vitalegea kidogo. Yako nadhani itateleza hadi kiunoni.

Sasa herufi. Herufi inatokana na tofauti kati ya kifua na chini ya kifua. Kwako ni 40 kutoa 32, inchi 8, karibu sentimita 20. Kwa sidiria za Kichina A ni tofauti ya kama sentimita 10, B ni 12 na nusu, C ni 15, D ni 17 na nusu, E ni 20. Wewe ni 36E, au 80E. Umekuwa ukihangaika na B.

Usiione E kama aibu. Herufi peke yake haina ukubwa. D ya mkanda wa 32 ni ndogo kuliko D ya mkanda wa 38, kwa sababu kikombe hukua pamoja na mkanda. Mwanamke mwembamba anaweza kuwa E na ukipita naye njiani usidhani. Tulivyozoea kwamba A ni ndogo, B ya kawaida, C kubwa na D ndiyo kubwa kupita zote, tumeyarithi mbali. Herufi hizi zilianzishwa Marekani mwaka 1932 na kampuni ya S. H. Camp, na wao waliishia D. Miili haikuishia D.

Kwa kuwa kikombe hukua na mkanda, kuna hesabu moja itakayokufaa sokoni: ukipanda mkanda mmoja, shuka herufi moja, ujazo wa kikombe unabaki uleule. Kikombe cha 36E kinalingana na cha 38D, cha 40C na cha 42B. Umeona? Ndiyo sababu 40B ilifurika na 42B ikatulia kwa juu. Kikombe cha 42B kilikuwa chako kabisa. Kilichokosekana ni mkanda, maana ulikuwa unavaa nguo ya mtu mwenye kiwiliwili kipana kuliko chako. Muuzaji akiona matiti makubwa anapandisha namba, kumbe cha kupandisha ni herufi.

Kabla hujanunua, jipime upya mwenyewe, kwa sababu fundi alikupima juu ya nguo na kwa ajili ya gauni. Fanya ukiwa umetoka kuoga, umejifunga khanga kiunoni, na wifi yako akusaidie kuangalia kama tepu imelala sawa mgongoni. Chini ya matiti toa pumzi kisha kaza tepu ishike, isizame kwenye nyama. Kifuani pima mara mbili. Kwanza ukiwa umesimama, na kwa kuwa matiti yako yamelala, mwambie ayainue kidogo na kiganja mpaka yanapopaswa kukaa. Pili ukiwa umeinama, mgongo umenyooka kama unavyogeuza dagaa, matiti yananing'inia, tepu ikipita pale palipojaa zaidi bila kubana. Vipimo viwili vya kifuani vikitofautiana, chukua cha katikati. Usipime siku za kuelekea hedhi, kwa sababu wengi wetu matiti huvimba siku hizo. Na ukizaa tena, ukiacha kunyonyesha, ukinenepa au ukipungua, hiki kipimo hakina kazi tena, pima kingine.

Sokoni sasa. Najua Mwanga pale kwenye meza za vijana hakuna chumba cha kujaribu, na kujipima sidiria mbele ya watu ni jambo la kudhalilisha. Nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, tafuta duka la mwanamke lenye pazia au stoo nyuma, mweleze shida yako wazi. Wengi watakuruhusu ukiwa umevaa fulana nyepesi inayobana, unajaribu juu ya fulana. Kama hakuna namna, zungusha mkanda wa sidiria chini ya matiti juu ya blauzi, ufunge. Hapo kikombe hutakijua, lakini mkanda utaujua, nao ndio uliokushinda miaka yote.

Ukiweza kuijaribu, funga kulabu za nje kabisa, zile za kulegeza. Lastiki mpya inanyooka kwa kuvaliwa, na zile safu za ndani zimewekwa kwa ajili ya baadaye. Ikikutosha kwa kulabu za ndani wakati bado mpya, baada ya muda hutakuwa na pa kukazia. Kisha inama, ingiza mkono ndani ya kikombe, vuta nyama yote kutoka kwapani uilete mbele, titi moja baada ya jingine. Usiruke hatua hii. Nyama nyingi inayoonekana kama mafuta ya kwapa ni titi lililokosa nafasi kwa miaka. Mara nyingi ukishalirudisha ndani, kikombe ulichodhani kinakutosha kinafurika, na hapo ujue bado hujafika.

Simama kwenye kioo, au mwambie wifi aangalie. Mkanda uwe umelala sawa mbele na nyuma, usipande. Vidole viwili vipite chini yake, ngumi isipite. Kipande cha katikati kiguse mfupa wa kifua, kisielee. Kikielea kikombe ni kidogo. Kwa juu titi lisikatwe mara mbili, na kitambaa kisifanye mikunjo. Kama kuna waya, ukae kwenye mbavu ukizunguka titi lote, usikanyage titi lenyewe hata ubavuni. Halafu fanya kazi yako palepale: inua mikono juu, inama hadi chini, inuka. Sidiria ya mama wa Kibirizi lazima ishinde mtihani wa kuinama. Kusimama tu mbele ya kioo hakutoshi.

Achana na zile za sponji nene. Sponji inakula nafasi ya kikombe na kufuga joto, na joto la Kigoma unalijua. Tafuta yenye kikombe kinachofunika titi lote, ubavu mpana, kamba pana na kulabu safu tatu nyuma. Rangi na lesi zije baadaye.

Usipoipata 36E, na sitashangaa usipoipata, chukua 38D ya namna hiyohiyo umpelekee fundi wako. Mwambie afumue kile kipande cha kulabu nyuma, apunguze sentimita mbili kila upande, akishone tena palepale. Kazi ndogo hiyo, fundi anayeweza gauni la kitenge hashindwi. Lakini asipunguze zaidi ya hapo, kwani ukipunguza sana vikombe vinavutwa kuelekea mgongoni na kamba zinahama mahali pake. Ndiyo maana huwezi kuinunua 42 ukaigeuza kuwa 36.

Ndugu wakikutumia kutoka nje, angalia lebo ni ya wapi. Wafaransa huongeza 15 kwenye zile sentimita, hivyo 95 yao ni 80 yako. Waingereza wanapita D, DD, E, F, FF, na baadhi ya viwanda vyao siku hizi haviongezi zile inchi 4, kwa hiyo kwa hesabu yao mwili huohuo wako unaweza kuandikwa 32FF. Usishtuke. Watumie vipimo vyako viwili vya sentimita, kifua na chini ya kifua, usiwatumie saizi.

Wifi yako na mtumba namwelewa. Zipo zilizoshonwa vizuri kuliko mpya za bei rahisi, na mfuko ndio unaoamua. Ila nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa sababu za afya. Hata ukiiweka sheria pembeni, sidiria inaishi kwa lastiki, na ya mtumba lastiki yake imeshatumika kwa mtu mwingine. Utalipa pesa upate mkanda uliolegea, ugonjwa uleule unaoukimbia. Bora ununue mpya mbili ulizozipima kuliko za kubahatisha tano.

La jirani kuhusu saratani, lipuuze kwa amani. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, Seattle nchini Marekani, walitoa utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 1,500, wenye saratani ya matiti na wasio nayo, wakaangalia saizi, waya, saa za kuvaa kwa siku na umri wa kuanza kuvaa. Hawakuona uhusiano wowote. Waya unaochoma ni waya usio saizi yako, hilo tu. Lakini nakuomba sana utofautishe maumivu ya sidiria na dalili nyingine. Ukigusa uvimbe, ngozi ya titi ikibonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani wakati haikuwa hivyo, au ikatoa damu, usibadilishe sidiria, nenda hospitali ya Maweni wiki hiyohiyo. Mabega nayo, ukipata sidiria sahihi na maumivu yakaendelea, au mikono ikaanza kufa ganzi, onana na daktari pia.

Vile vipele vya chini ya matiti vinatokana na jasho linalokaa pale ngozi inapogusana na ngozi, na fangasi hupenda hapo. Titi likiinuliwa vizuri hewa inapita, kwa hiyo vinaweza kupungua vyenyewe. Oga ukirudi kutoka mwaloni, kausha pale chini kwa kitambaa safi mpaka pakauke kabisa, ndipo uvae. Ukiloa jasho mchana, badilisha. Vikiendelea au vikitoa maji, zahanati watakupa dawa ya kupaka. Usijipakie dawa ya jirani, nyingi zina vitu vinavyochubua.

Uwe nazo angalau mbili za kupokezana, moja ikivaliwa nyingine lastiki yake inapumzika. Fua kwa mkono na maji ya baridi, usiikamue kwa kusokota, na usiianike juani kule unakoanika dagaa. Jua kali na pasi vinaua lastiki haraka. Kivuli na upepo vinatosha.

Binti yako usimlazimishe. Sidiria yako ya zamani ilishonwa kwa kifua cha mwanamke mzima, ina vikombe asivyoweza kuvijaza, na akiivaa chini ya shati la shule kila mtu ataona vimebonyea. Analia kwa haki. Matiti yanapoanza huuma na moja hutangulia jingine, mwambie hayo ni ya kawaida asije akadhani anaumwa. Mnunulie vile vifulana vifupi vya pamba vyenye lastiki chini, visivyo na waya wala sponji, viwili au vitatu. Mpime chini ya matiti mkiwa wawili tu chumbani, umwoneshe tepu inavyosomwa, na urudie kila baada ya miezi michache kwa sababu umri huo mwili haukai mahali pamoja. Kama naye anacheza netiboli au anakimbia shuleni, kimoja kiwe cha kubana zaidi kwa ajili ya michezo. Na kikianza kumwachia alama nyekundu mbavuni, mpe mdogo wake asubiri, umnunulie kingine.

Shangazi